Injini ya kisima inapotetemeka, Griftu hukosa usingizi

KATIKA mji mdogo wa Griftu, ulio kaskazini magharibi mwa mji wa Wajir, watu wazima kwa watoto wanaijua sauti ya injini ya kisima kama wanavyoijua sauti ya mwadhini. Ikinguruma kwa mdundo wake wa kawaida, hakuna anayeitilia maanani. Ikibadilika, hata aliye kitandani huinua kichwa na kusikiliza.

Mabadiliko hayo huanza kidogo kidogo. Kwanza ni mtikisiko unaoifanya mitungi iliyowekwa kando ya kibanda cha jenereta igongane. Kisha moshi wa bomba huwa mweusi kuliko jana, na maji yanayomwagika birikani hupungua unene. Mwishowe injini hukohoa mara mbili tatu na kunyamaza, huku mamia ya ngamia, ng'ombe na mbuzi wakiwa bado wamejipanga wakisubiri zamu.

Wakati wa mvua, tukio kama hilo ni usumbufu tu. Wakati wa kiangazi, ni msiba. Wakazi wa Kaskazini Mashariki hawajasahau ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka wa 2020, ambapo misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha hadi mwisho wa mwaka wa 2022. Mabwawa yalikauka, na visima virefu vikabaki kuwa tegemeo pekee la watu na mifugo katika sehemu nyingi. Injini ambazo zilizoea kupumzika usiku zilifanya kazi mchana kutwa na usiku kucha.

Ni katika hali kama hiyo ambapo kasoro mbili ndogo, yaani mtetemeko wa injini na kuziba kwa njia za kuvutia hewa, mafuta au maji, hugeuka kuwa suala la uhai. Makala haya yanaeleza chanzo cha kasoro hizo, namna ya kuzitambua mapema, na hatua ambazo mhudumu wa kisima anaweza kuchukua kabla ya kumwita fundi kutoka mbali.

Ugonjwa wa mashua jangwani

Huenda msomaji akacheka akiambiwa kwamba ugonjwa wa injini ya kisima cha Griftu ni ndugu wa ugonjwa wa mashua. Lakini Wajir na mashua wana historia yao. Enzi za ukoloni, maafisa wa Uingereza waliopelekwa huko walikuwa na klabu waliyoiita kwa mzaha Royal Wajir Yacht Club, yaani klabu ya mashua, ilhali bahari iko mamia ya kilomita kutoka hapo na hakuna hata mto wa kudumu.

Mzaha kando, kuna aina ya mashua isiyo na rafadha chini yake. Mashua hiyo huvuta maji kupitia wavu ulio tumboni mwake, pampu huyasukuma, nayo hutoka nyuma kwa nguvu na kuisukuma mbele. Aliyeipa umaarufu ni William Hamilton wa New Zealand, ambaye katika miaka ya 1950 alitaka chombo kitakachopita katika mito isiyo na kina, yenye mawe na changarawe.

Mashua ya namna hiyo, kwa hakika, ni pampu inayosafiri. Majani yakiziba wavu wake, pampu hukosa maji, injini huenda kasi bila kazi, na chombo hutetemeka. Jiwe dogo likinasa kwenye mapanga ya pampu, mzunguko hupoteza mizani na mtikisiko husikika mwili mzima. Fundi wa mashua hiyo na mhudumu wa kisima cha Griftu huuliza swali lile lile: je, tatizo liko kwenye injini, kwenye kinachozungushwa na injini, au kwenye mlango wa kuingilia maji?

Hata hapa kwetu, jibu la swali hilo limewahi kuhitajika juu ya maji. Mwishoni mwa mwaka wa 2023, mvua za El Nino zilipofurisha Mto Tana na kukata barabara ya kwenda Garissa, abiria walivushwa kwa boti. Injini ya boti hupozwa kwa maji ya mto yanayoingia kupitia matundu madogo. Katika mafuriko, maji hayo huwa na tope, nyasi na mifuko ya plastiki. Nahodha makini hutazama kila mara mchirizi mwembamba wa maji unaotoka ubavuni mwa injini. Ukikatika, huizima mara moja na kusafisha matundu, kwa sababu dakika chache za kukaidi zinatosha kuiunguza.

Griftu hakuna mchirizi wa kutazama. Kuna vumbi.

Injini inakula hewa kuliko mafuta

Wengi hudhani kwamba chakula cha injini ni dizeli peke yake. Ukweli ni kwamba injini hula hewa nyingi zaidi kuliko mafuta. Chukua injini ya kawaida ya jenereta yenye ujazo wa lita mbili, inayozunguka mara 1,500 kwa dakika. Kila mizunguko miwili huvuta takriban lita mbili za hewa. Hiyo ni lita 1,500 kwa dakika moja, au lita 90,000 kwa saa. Ikifanya kazi saa 10, itakuwa imevuta karibu lita 900,000 za hewa.

Sasa tazama hewa yenyewe. Mahali ambapo maelfu ya kwato hukanyaga ardhi kavu tangu alfajiri hadi usiku, hewa imejaa vumbi laini kama unga. Vumbi hilo lote huelekea kwenye chujio la hewa, ambalo mafundi huliita eya klina. Likijaa, injini huwa kama mtu anayekimbia huku ameziba pua kwa kitambaa.

Hewa ikipungua, mafuta hayaungui yote. Dalili ya kwanza ni moshi mweusi. Ya pili ni kuongezeka kwa matumizi ya dizeli kwa kazi ile ile. Ya tatu ni injini kushindwa kushika mwendo wake mzigo unapoongezeka, ikipanda na kushuka kama mtu anayesitasita.

Hapa ndipo penye siri ambayo watu wengi hawaijui. Jenereta nyingi za visima hutoa umeme wa mapigo 50 kwa sekunde zinapozunguka mara 1,500 kwa dakika. Pampu iliyozamishwa kisimani hufuata mapigo hayo. Injini iliyokosa pumzi ikishuka hadi mizunguko 1,400, pampu nayo hupunguza mwendo kwa kiwango hicho hicho, chini kidogo ya asilimia saba.

Asilimia saba inaonekana ndogo. Lakini uwezo wa pampu wa kupandisha maji haupungui kwa kiasi hicho tu. Hupungua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Pampu iliyokuwa na uwezo wa kuinua maji hadi mita 150 itafika takriban mita 130 pekee. Ikiwa maji yako kina cha mita 135, pampu itazunguka na kupata moto bila kutoa hata tone. Watu watasema kisima kimekauka, kumbe kilichokosa ni hewa katika chujio lililo juu ya ardhi.

Namna ya kusafisha chujio

Kuna aina mbili za machujio ya hewa zinazopatikana sana katika visima vya vijijini. Injini za zamani, kama vile Lister, aghalabu hutumia chujio la bakuli la oili. Hewa hupita juu ya oili na vumbi hunata humo. Kulihudumia si kazi ngumu: injini ikiwa imezimwa, bakuli hufunguliwa, oili chafu humwagwa mahali palipotengwa, bakuli na wavu huoshwa kwa dizeli na kukaushwa, kisha oili safi hutiwa hadi kwenye alama. Oili ikizidi alama, injini inaweza kuivuta ndani. Ikipungua, vumbi hupita bila kizuizi.

Injini za kisasa hutumia chujio la karatasi. Hili lina masharti yake. Lisioshwe kwa petroli wala dizeli. Lisigongwe kwenye tairi au ukutani, kwani karatasi hupasuka mahali pasipoonekana. Hupulizwa kwa upepo wa nguvu ndogo kutoka ndani kwenda nje, si kutoka nje kwenda ndani, maana kufanya hivyo ni kulizamisha vumbi zaidi. Baadaye huangaliwa kwa tochi iliyowekwa ndani. Mwanga ukionekana kama nukta kali, karatasi imetoboka na chujio halifai tena.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuliondoa chujio kabisa ili injini "ipumue vizuri". Kweli, kwa siku chache itapumua. Lakini mchanga utakaoingia utachanganyika na oili na kuwa kama msasa ndani ya silinda. Pistoni na ringi zitalika, injini itaanza kutoa moshi wa buluu kwa sababu inaunguza oili, na gharama ya kuifufua itakuwa kubwa mara nyingi kuliko bei ya chujio jipya.

Aidha, mpira unaounganisha chujio na injini ukaguliwe. Ufa mdogo kwenye mpira huo hupitisha vumbi hata kama chujio lenyewe ni jipya.

Mafuta yaliyosafiri mbali

Njia ya pili inayoziba ni ya mafuta. Dizeli inayofika Griftu husafirishwa katika mapipa na mitungi kwenye barabara ya vumbi. Pipa lisilofungwa vizuri hupokea mchanga mchana na unyevu usiku. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hukaa chini, na hapo ndipo bomba la kufyonzea hugusa.

Maji na uchafu vikifika kwenye chujio la mafuta, injini hukosa dizeli ya kutosha. Tofauti na kukosa hewa, kukosa mafuta hakuleti moshi mweusi. Injini hulegea, hutetemeka kwa vipindi, kisha huzima kana kwamba imezimwa kwa swichi. Baada ya kupumzika kidogo huwaka tena, ikafanya kazi muda mfupi, ikazima. Mhudumu akiona mtindo huo, aanze na tangi kabla ya kugusa kitu kingine.

Dawa yake ni subira. Pipa liachwe litulie kwa siku nzima kabla ya kutumiwa, mafuta yavutwe kutoka juu ya masimbi wala si chini kabisa, na yachujwe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Kila asubuhi, kabla ya injini kuwashwa, kizibo cha chini cha tangi na cha chujio kifunguliwe kidogo ili maji yatoke. Chujio likibadilishwa, hewa iliyoingia kwenye mabomba itolewe kwa pampu ndogo ya mkono, la sivyo injini itaendelea kukohoa.

Njia ya tatu husahaulika sana, nayo ni ya maji ya kupozea injini. Maji ya visima vingi vya Wajir yana chumvi na madini. Yakitiwa kwenye rejeta, huacha ukoko mweupe kama ule unaoonekana ndani ya birika la chai. Ukoko huo huziba mirija myembamba na injini hupata joto kupita kiasi. Inafaa kutumia maji ya mvua yaliyohifadhiwa, au maji maalumu ya kupozea yanayouzwa madukani. Na kifuniko cha rejeta kamwe kisifunguliwe injini ikiwa ya moto.

Mtetemeko: sikiliza kabla ya kufungua

Baada ya njia za kuvutia, sasa tuutazame mtetemeko wenyewe. Kila injini hutetemeka. Injini ya silinda moja hutikisika zaidi, ndiyo maana huwa na gurudumu zito la kutuliza mwendo na hufungwa kwenye sakafu nene ya zege. Kinachotakiwa kumshtua mhudumu ni mtetemeko uliobadilika, yaani ule ambao haukuwapo wiki iliyopita.

Swali la kwanza: je, mtetemeko upo hata injini ikiwa haina mzigo? Kwa jenereta, swichi ya kupeleka umeme kisimani huzimwa na injini huachwa izunguke peke yake kwa dakika chache. Kwa injini inayoendesha pampu kwa mkanda, injini huzimwa, mkanda ukaondolewa, kisha ikawashwa tena. Mtetemeko ukitoweka, shida iko upande wa mzigo au ni injini isiyo na nguvu ya kuubeba. Ukibaki vile vile, shida iko kwenye injini au mahali ilipofungwa.

Swali la pili: je, mtetemeko huja katika mwendo mmoja tu, au katika kila mwendo? Ukija katika mwendo fulani na kupotea ukiongezwa au kupunguzwa, mara nyingi kuna kitu kilicholegea kinachoitikia mdundo huo: bati la kibanda, bomba la moshi, tangi au fremu. Ukiongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, kuna kinachozunguka kikiwa kimepoteza mizani, kama vile panga la feni lililovunjika au puli iliyopinda.

Swali la tatu: je, mtetemeko una mdundo wa kuchechemea? Injini ya silinda nne inayozunguka mara 1,500 kwa dakika hupiga mapigo 50 ya moto kwa sekunde. Silinda moja ikifa, pigo moja katika kila manne hukosekana, na injini huchechemea kama ngamia aliyechomwa mwiba mguuni. Hiyo huashiria nozeli mbovu, hewa katika bomba la mafuta, au valvu isiyofunga. Moshi mweupe ulioandamana na mtikisiko huo huonyesha mafuta yanayotoka bila kuungua, au maji yaliyovuja na kuingia kwenye silinda.

Baada ya maswali hayo, ukaguzi ufuate utaratibu, kuanzia kilicho rahisi. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, mhudumu akaze bolti za kuifunga kwenye sakafu. Achunguze raba zinazoibeba. Raba iliyopasuka au kulowa oili hulegea na kuiacha injini icheze. Aangalie sakafu yenyewe, kwani zege lililopasuka haliwezi kushika bolti. Kisha atazame mkanda, feni na puli.

Linalofuata ni kiungo kati ya injini na jenereta, au injini na pampu. Vitu hivyo viwili havina budi kukaa katika mstari mmoja. Vikipishana hata kidogo, kiungo hupata moto, raba zake husagika na kuacha unga mweusi chini, na beringi huanza kulia. Unga huo mweusi ni barua. Anayejua kuisoma huokoa beringi.

Hatua za kufungua nozeli au kichwa cha injini ni za fundi aliyesomea. Dizeli inayotoka kwenye nozeli ina msukumo mkubwa kiasi cha kutoboa ngozi, na jeraha lake, hata likionekana dogo kama la sindano, linahitaji hospitali upesi. Na iwapo mlio mzito wa kugonga unatoka tumboni mwa injini, au msukumo wa oili umeshuka, hakuna cha kusubiri. Izimwe papo hapo.

Mlango wa maji chini ya ardhi

Injini ikiwa nzima na maji bado ni haba, macho yaelekezwe kisimani. Pampu iliyozamishwa huvuta maji kupitia kichujio chake, na kisima chenyewe kina bomba lenye matundu membamba ya kupitisha maji na kuzuia mchanga. Vyote viwili huweza kuziba kwa ukoko wa madini, kwa utelezi wa bakteria wanaoishi kwenye madini ya chuma, au kwa mchanga.

Pampu hiyo iko chini sana na haionekani, lakini inazungumza kupitia mita ya umeme kwenye kisanduku cha swichi. Kiwango cha umeme kikishuka chini ya kile cha kawaida na maji yakapungua, pampu haina kazi ya kutosha: ama mlango umeziba, ama maji ya kisima yameshuka. Kikipanda juu ya kawaida, kuna kinachoizuia kuzunguka, kwa mfano mchanga ulionasa kwenye mapanga au beringi iliyolika. Ndiyo sababu kila kisima kinafaa kuwa na daftari lenye kiwango cha kawaida, kilichoandikwa siku pampu ilipokuwa mpya.

Maji yakiwa mekundu au yenye mchanga kila pampu inapowashwa, hiyo nayo ni onyo. Mara nyingi husababishwa na kuvuta maji kwa kasi kuliko kisima kinavyoweza kujaza. Kupunguza kiasi kwa kufunga valvu kidogo, na kukipa kisima saa chache za kupumzika, huweza kukiokoa. Injini ya pampu iliyozamishwa hupozwa na maji yanayopita ubavuni mwake. Ikiachwa bila maji, huungua.

Kipimo rahisi kuliko vyote hakihitaji chombo cha bei ghali. Chukua pipa la lita 200 na saa. Likijaa kwa sekunde 60, kisima kinatoa lita 12,000 kwa saa. Wiki mbili baadaye likijaa kwa sekunde 90, kisima kinatoa lita 8,000. Ngamia mwenye kiu kali huweza kunywa lita 100 kwa mara moja. Upungufu huo wa lita 4,000 ni sawa na ngamia 40 kila saa, au 400 kwa siku ya kazi ya saa 10. Anayepima kila wiki hugundua hasara ikiwa ngali sekunde chache. Asiyepima huigundua mifugo ikiwa imeanza kuanguka.

Kwa pampu zinazovuta maji kutoka bwawani, sheria ni nyingine. Pampu iliyo juu ya ardhi hainyonyi maji. Hupunguza hewa katika bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio huyasukuma maji juu. Kwa nadharia yangeweza kupanda mita 10 hivi, lakini kiutendaji pampu iwekwe isizidi takriban mita saba juu ya maji. Bwawa likikauka na maji yakashuka, pampu nayo isogezwe chini.

Bomba la bwawani likiziba kwa tope au majani, maji ndani ya pampu huchemka bila moto kwa kukosa msukumo, mapovu hufanyika na kupasuka. Sauti yake ni kama changarawe zinazotikiswa ndani ya debe. Mapovu hayo hula chuma polepole na kuifanya pampu itetemeke. Tiba ni kulifunga bomba kwenye mtungi mtupu unaoelea ili mdomo wake usiguse tope, na kuuzungushia kikapu cha wavu mpana.

Nani anaitwa, na lini

Masuala haya si ya ufundi tu. Umbali ni adui mkubwa. Kipuri ambacho jijini Nairobi hupatikana mtaa wa pili, huko kaskazini huweza kusubiri lori kwa siku kadhaa, na mvua ikinyesha barabara hufungwa. Kwa hiyo kamati ya kisima yenye busara huweka akiba: machujio mawili ya hewa, mawili ya mafuta, mkanda, oili, fyuzi na raba za kiungo. Vitu hivyo huenea ndani ya sanduku moja la mbao.

Fedha za akiba hiyo hutoka kwenye ada ndogo inayolipwa kwa kila kichwa cha mnyama na kila mtungi. Ada ikitumiwa kununua dizeli pekee, siku ya kuharibika kwa injini huwa siku ya kuchangishana, na mchango hauji haraka kama kiu.

Mhudumu pia ana haki ya kulindwa. Kibanda cha injini kiwe na madirisha, na bomba la moshi litokeze nje, kwa kuwa moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na harufu. Mikanda na magurudumu yafunikwe kwa wavu wa chuma. Kikoi au mtandio ukinaswa na puli, hakuna nguvu ya binadamu itakayoushinda mzunguko huo. Watoto wanaokuja na punda kuchota maji wasiruhusiwe kuingia.

Miaka ya karibuni, visima vingi vya kaskazini vimewekewa umeme wa jua. Ni hatua njema: jua halihitaji dizeli wala oili, na halitetemeki. Hata hivyo, paneli zikifunikwa na vumbi hupoteza nguvu, na pampu iliyo chini bado huziba vile vile. Aidha, pale ambapo jenereta imeachwa kama msaidizi wa usiku au wa siku za mawingu, huweza kukaa miezi bila kuwashwa. Betri hufa, dizeli huoza, na panya hutengeneza kiota ndani ya njia ya hewa. Jenereta hiyo inafaa kuwashwa kwa muda mfupi kila wiki ikiwa na mzigo.

Griftu ina bahati ya kuwa na chuo cha mafunzo ya wafugaji. Katika eneo ambalo mfugo hauwezi kutenganishwa na kisima, ujuzi wa kutunza injini unafaa kuhesabiwa sehemu ya ufugaji, sawa na chanjo au malisho. Kijana anayeweza kusoma moshi, kupima pipa na kuandika daftari huokoa mifugo mingi kabla daktari wake hajaitwa.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Griftu, ufa huo huanza kama vumbi kwenye chujio au bolti iliyolegea nusu mzunguko, na ukuta wake ni safari ya usiku ya familia nzima kutafuta kisima kingine, wasijue kama injini ya huko inaunguruma.